Vyombo vya bati vya kufundishia ujazo: kazi ya fundi mmoja wa Ngamiani

Mwalimu mwenzangu wa Hisabati, na wewe mzazi mwenye mtoto wa Darasa la Saba hapa Tanga: kama unatafuta vifaa vya kufundishia ujazo, pita madukani ukaulize bei, lakini oda yako ipeleke Ngamiani kwa mafundi bati. Mimi nimeipeleka. Vyombo nimevitumia muhula mzima katika masomo yangu ya jioni huku Makorora, watoto wamevimwagia maji, mchanga na mchele, vimeanguka, vimekanyagwa, na sasa nina la kusema juu yake, zuri na baya.

Oda yenyewe ilikuwa hii. Mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Mche mstatili wa urefu 20, upana 10 na kimo 5. Silinda ya kipenyo 14 na kimo 14. Koni yenye mdomo wa kipenyo hicho hicho na kimo hicho hicho. Piramidi yenye kitako cha mraba, 10 kwa 10, na kimo 10. Vyote viwe wazi upande mmoja ili vijazwe, na vipimo vyote vihesabiwe kwa ndani. Bei tulikubaliana shilingi 60,000 kwa vyote, bati lake na lehemu yake. Seti ya plastiki niliyoinunua kabla ya hapo mjini ilinigharimu 48,000, na nitaeleza kwa nini naiona hiyo ndiyo iliyokuwa ghali.

Vipimo sikuvichagua ovyo. Mchemraba wa sentimita 10 unabeba sentimita za ujazo 1,000, ambayo ni lita moja kamili. Mche mstatili wa 20 kwa 10 kwa 5 nao unabeba 1,000 ile ile, ingawa ukiviweka viwili mezani karibu kila mtoto atakuapia kwamba kimoja ni kikubwa. Kipenyo cha 14 nilikitaka kwa sababu nusukipenyo chake ni 7, na 7 inakatana na 22/7 ya pai bila kumwachia mtoto mkia wa desimali: eneo la kitako linatoka 154, unazidisha kwa kimo cha 14, unapata 2,156. Na koni nikataka ilingane na silinda mdomo kwa mdomo, kimo kwa kimo, kwa maana bila kulingana huko haionekani kwamba koni ni theluthi ya silinda, kama piramidi ilivyo theluthi ya mchemraba.

Hapo ndipo seti ya plastiki iliponiangusha. Ni nzuri kwa macho, inaonyesha ndani, ina rangi. Mchemraba wake ukiupima kwa rula kwa nje unapata sentimita 5. Mtoto anazidisha 5 mara 5 mara 5, anaandika 125. Halafu anamimina maji, na zinaingia mililita 97 hivi. Kuta zina unene wa milimita 2, kwa hiyo ndani ni sentimita 4.6 tu, na 4.6 ikizidishwa yenyewe mara tatu ni 97.3. Mimi mwalimu naweza kulieleza hilo. Lakini mtoto ambaye ndiyo kwanza ameanza kuiamini kanuni, akaona jibu la daftarini linaachana na maji kwa zaidi ya moja ya tano, anaondoka na wazo moja tu kichwani: mambo ya darasani ni ya darasani. Sitaki mtoto aondoke na wazo hilo nyumbani kwangu. Aliyeunda seti ile alifikiria maonyesho, hakumfikiria mtoto mwenye rula mkononi. Isitoshe, koni na silinda zake hazina kitako kimoja, kwa hiyo huwezi hata kuzilinganisha.

Bati halina shida hiyo. Lile alilotumia fundi wangu unene wake haufiki nusu milimita, hivyo ukipima nje au ndani, tofauti ni ndogo mno kumsumbua mtoto wa msingi.

Basi fundi. Yuko kwenye moja ya zile barabara zetu za namba, kibandani mbele ya nyumba, na ukipita asubuhi utamsikia kabla hujamwona. Zimening'inia faneli za mafuta, vibatari, makarai, keni za kumwagilia, na chini yamepangwa masanduku ya wanafunzi wa bweni. Ni mtu mzima, makamo ya baba yangu. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza kama nimefuata gata, kwa kuwa mvua za masika zilikuwa zinakaribia na kila mtu alikuwa anafuata gata. Nikampa karatasi yangu.

Aliisoma kimya, mstari kwa mstari, kisha akauliza, "Mwanangu, hivi ni vya kupimia biashara?"

"Hapana mzee, ni vya watoto wa shule."

"Maana kama ni vya biashara, mimi nakutengenezea lakini lazima uvipeleke kwa watu wa Wakala wa Vipimo wavikague. Nisije nikasikia umekamatwa na pishi yangu."

Swali hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Mtu anayejua kwamba chombo cha kupimia kina dhamana yake, huyo anajua kwamba milimita ni kitu.

Silinda haikumpa kazi. Mzingo wa duara la kipenyo 14 ni 44, kwa hiyo alikata bati la 44 kwa 14, akaongeza sentimita moja upande wa kukunjia kiungo, akaizungusha juu ya bomba la chuma kwa nyundo ya mbao. Nilipomuuliza 44 ameipata wapi, akasema yeye huchukua kipenyo mara tatu na sehemu ya saba. Hiyo ni 22/7 kamili.

Koni ndiyo niliyokaa kuitazama. Koni iliyofunguliwa na kulazwa chini ni kipande cha duara kubwa, na nusukipenyo cha duara hilo kubwa si kimo cha koni. Ni ule urefu wa mlalo, kutoka ncha hadi ukingoni. Kimo ni 14, nusukipenyo cha mdomo ni 7, basi mlalo ni kipeuo cha pili cha 49 jumlisha 196, yaani kipeuo cha pili cha 245, ambacho ni 15.65 hivi. Nilikuwa nimeshaifanya hesabu hiyo nyumbani na kuiandika nyuma ya karatasi. Yeye hakugeuza karatasi. Alichukua chaki, akachora sakafuni pembe mraba, akapima 7 kwenda kulia na 14 kwenda juu, akaunganisha ncha mbili, akalaza tepe juu ya ule mstari. "Kumi na tano na nusu, na kidogo," akasema. Akafunga uzi kwenye msumari kwa urefu huo, akazungusha, akapima 44 kwenye ukingo wa duara kwa kulaza kamba, akakata. Kanuni nzima ya Pythagoras, ile ya pembetatu yenye pembe mraba, ilikuwa pale sakafuni, na sijapata kumwona mwanafunzi wangu yeyote akiitumia kanuni hiyo kwa uhakika wa namna ile.

Nilirudi kuvichukua vikiwa tayari, nikavifunga nyuma ya baiskeli, nikaenda navyo Makorora. Jioni ile ile tukaanza kupima. Nina jagi la kupimia lenye alama za mililita, na kwa vipimo vidogo natumia bomba la sindano lisilo na sindano.

Mchemraba ulipokea mililita 990. Silinda ilipokea 2,140 mahali pa 2,156. Koni ilitakiwa ipokee 718 na ushei, ikapokea 710. Kwa kazi ya mkono, ya mkasi na nyundo, upungufu wa moja kwa mia au karibu na hapo ni kazi ya kupigiwa makofi. Nawaomba msomaji msilipite hili haraka: ukikosea milimita moja katika kila upande wa mchemraba wa sentimita 10, ukapata 9.9 badala ya 10, ujazo unashuka hadi 970. Kosa la moja kwa mia katika urefu linakuwa kosa la karibu tatu kwa mia katika ujazo, kwa kuwa limezidishwa katika urefu, upana na kimo. Mchemraba uliopokea 990 maana yake kila upande wake ulikosewa kwa theluthi moja ya milimita. Kwa mkasi!

Mche mstatili ndio ulionishangaza kwa upande wa pili: ulipokea 1,015. Ubavu wake mrefu, ule wa sentimita 20, umefura kidogo katikati maji yakiingia, kwa hiyo umezidi. Si kosa kubwa, lakini linaepukika kwa kukunjia waya kwenye mdomo wote ili ubavu ukaze.

Sasa niseme la piramidi, maana hapa palikuwa na dosari ya kweli. Mzee alikata koni kwa mikono yake, lakini piramidi alimwachia kijana wake. Karatasi ilisema kimo ni 10. Kijana akakata pembetatu nne zenye urefu wa 10 kutoka kitako hadi ncha, akaziunganisha. Ukifanya hivyo, zile pembetatu zinalala kuelekea katikati na kimo chenyewe kinashuka. Mimi sikuona kwa macho. Maji ndiyo yaliyoona. Watoto walijaza piramidi, wakamimina kwenye mchemraba, wakajaza tena, wakamimina, mara ya tatu wakamimina, na maji yakasimama chini ya mdomo kwa zaidi ya sentimita moja.

Binti mmoja wa Darasa la Saba, mkimya kwa kawaida, akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo siyo theluthi?"

Nikampa kijiti akisimamishe ndani ya piramidi mpaka kwenye ncha, aweke alama usawa wa mdomo, apime. Akapata 8.7. Tukaandika ubaoni: theluthi ya 100 mara 8.7 ni 290. Mara tatu yake, 870. Wakapima maji yaliyomo kwenye mchemraba: 865. Kanuni ilikuwa sawa, piramidi ndiyo ilikuwa fupi, na watoto wale wamejua kimo ni nini kuliko ambavyo ningeweza kuwachorea kwa mwezi. Kimo ni mstari unaosimama wima juu ya kitako. Ule unaolala ubavuni ni kitu kingine, na watoto wengi hupoteza alama hapo hapo, kwa kuuchukua mlalo na kuuita kimo.

Niliirudisha. Mzee aliisikiliza habari yote, akachora pembe mraba yake ya chaki, 5 kulia na 10 juu, akalaza tepe, akapata 11.2, akamwita kijana na kumwonyesha mbele yangu, kwa upole. Piramidi mpya aliitengeneza bila kunitoza hata senti. Hii inapokea 330, na mara tatu yake inajaza mchemraba wetu wa 990 mpaka maji yanatuna mdomoni. Ile fupi aliniambia niichukue tu, na nimeiweka pamoja na zingine. Kila kundi jipya nalianzishia hiyo.

Kabla ya kumimina huwa nawataka watoto wabashiri. Koni ngapi zitajaza silinda? Karibu wote husema mbili. Hata wale wa Kidato cha Nne walioimba "theluthi moja pai r mraba h" tangu mwanzo wa mwaka, ukiwaonyesha vyombo viwili bila kutaja kanuni, wanasema mbili. Jicho linaona koni kwa ubavu, kama pembetatu ndani ya mstatili, na pembetatu kweli ni nusu ya mstatili. Halafu koni ya kwanza inamiminwa na kufika theluthi, ya pili inafika theluthi mbili, na wanaanza kunyamaza. Ya tatu inajaza mpaka karibu na ukingo, pungufu ya chini ya milimita moja, hizo ni zile mililita 10 ambazo kiungo na ncha iliyojaa lehemu vimekula.

Wakiniuliza kwa nini iwe tatu, nawarudisha kwenye mchemraba, ndiko kwenye jibu jepesi. Chukua nukta ya katikati kabisa ya mchemraba, uiunganishe na pembe zote nane. Umeugawa mchemraba katika piramidi sita zilizo sawa, kila moja ikikalia uso mmoja, na kimo cha kila moja ni nusu ya ubavu, yaani 5. Ujazo wa kila moja ni sehemu ya sita ya 1,000. Sasa piramidi yetu ina kitako kile kile lakini kimo maradufu, 10, kwa hiyo ujazo wake ni sehemu mbili za sita, ambayo ni theluthi. Kwa koni hoja ni ndefu zaidi. Archimedes wa Syracuse aliandika kwamba wa kwanza kuisema hiyo theluthi alikuwa Democritus, na aliyeithibitisha alikuwa Eudoxus. Wote hao ni wanazuoni wa Kigiriki wa karne kadhaa kabla ya Kristo, na watoto wangu hupenda kujua kwamba swali lao limewahi kuwasumbua wakubwa.

Pungufu kubwa la seti hii ni kukosa tufe, yaani umbo la mpira. Mzee aliniambia wazi tangu siku ya kwanza: bati bapa unaweza kulizungusha likawa silinda au koni, lakini tufe halitaki kukunjwa, linataka kufuliwa, na hiyo ni kazi ya watu wa masufuria. Nilimheshimu kwa kukataa kazi asiyoiweza. Kwa hiyo tufe tunalipima kwa chungwa, na Tanga hatuna uhaba wa machungwa, Muheza iko hapo. Tunatafuta lililo la mviringo mzuri, tunalizungushia uzi katikati, tukipata mzingo wa 22 basi kipenyo ni 7 na nusukipenyo ni 3.5. Theluthi nne za 22/7 mara 3.5 mara 3.5 mara 3.5 zinatoa kama 179.7. Kisha silinda inawekwa kwenye karai kavu, inajazwa mpaka mdomoni, chungwa linazamishwa polepole kwa kijiti chembamba, kwa kuwa lenyewe linaelea, na maji yaliyomwagikia karaini yanapimwa. Mara nyingi tunapata kati ya 170 na 185. Chungwa halikuumbwa kwa bikari, lakini kwa tunda lililotoka shambani ni karibu sana.

Kwa hawa wa Kidato cha Nne, wanaosoma mada ya maumbo ya pande tatu, naongezea lile la Archimedes mwenyewe. Tufe likikaa ndani ya silinda inayolibana juu, chini na pembeni, ujazo wake ni theluthi mbili za silinda. Tena koni ya mdomo huo na kimo hicho ni theluthi moja. Kwa hiyo koni, tufe na silinda ni moja, mbili, tatu. Ndiyo maana silinda yangu nilitaka kimo kilingane na kipenyo, 14 kwa 14: silinda 2,156, tufe la kuingia humo lingekuwa 1,437, koni 719, na hizo mbili ukizijumlisha unarudi kwenye silinda. Archimedes aliupenda ugunduzi huu kiasi cha kutaka tufe na silinda vichorwe kwenye kaburi lake. Aliuawa mwaka 212 kabla ya Kristo, mji wake ulipotekwa na Warumi, na mwaka 75 kabla ya Kristo Cicero, Mrumi aliyekuwa ofisa huko Sicily, alilitafuta kaburi hilo kwenye vichaka na kulitambua kwa umbo la tufe na silinda lililokuwa limechomoza juu ya miiba. Kijana mmoja aliposikia hivyo aliandika 1, 2, 3 kwenye jalada la daftari lake, bila maelezo yoyote.

Kitu kingine ambacho vyombo hivi vimenifungulia ni soko. Tukishapima koni, nawauliza watoto juu ya sado, lile kopo la kupimia nafaka sokoni. Wote wameshatumwa Mgandini au soko la hapa Makorora kununua maharage au mahindi kwa sado, na wanajua kwamba kuna muuzaji anayejaza mpaka kilele na kuna anayepitisha mkono juu. Kile kilele ni koni. Sado tuliyoipima hapa ina kipenyo cha 17, kimo cha 18, hivyo ujazo wake ni kama 4,087. Kilele cha sentimita 5 juu yake ni theluthi ya 227 mara 5, kama 378. Ni karibu asilimia tisa ya ziada, au asilimia tisa unayoikosa. Mama mmoja mwenye genge, aliyekuja kumchukua mwanawe, alisimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwalimu, hilo mimi nalijua kwa mkono, ila sikujua lina hesabu." Jumamosi iliyofuata alikuja na swali lake: anataka kununua tenki, muuzaji anasema ni la lita 2,000, atajuaje? Nikampa tepe. Kipenyo cha mita 1.4 kinatoa kitako cha mita za mraba 1.54, na kwa kimo cha mita 1.3 ujazo ni mita za ujazo 2.002. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Alikwenda akapima, na tenki lilikuwa la kweli.

Turudi kwenye kasoro za vyombo. Bati halionyeshi ndani, na hilo ni jambo ambalo plastiki inalishinda. Mtoto wa nyuma hawezi kuona maji yamefika wapi, inabidi asogee. Mimi nawaacha wasogee, lakini mwalimu mwenye watoto 80 darasani hana nafasi hiyo. Pili, kutu. Hewa yetu ya bahari haina huruma, na viungo vya mche mstatili vimeshaanza kuwa vya kahawia. Vikaushe kwa kitambaa, uvifudikize. Tatu, na hili nalisema kwa msisitizo, lehemu ya mafundi wetu mara nyingi ina madini ya risasi ndani yake. Vyombo hivi si vya kunywea maji wala kuwekea chakula. Mchele tunaopimia sisi unabaki wa kupimia, haurudi jikoni, na watoto wananawa mikono tukimaliza. Nne, kama huna maji ya kutosha ukatumia mchele au mchanga, gonga chombo kila mara kwa kiasi kile kile, kwa sababu punje zinaacha nafasi kati yao na zikitikiswa zinashuka; kundi moja linaweza kupata koni tatu na lingine tatu na robo. Maji ni bora kuliko vyote.

Makali ya midomo, niliyokuwa na hofu nayo, hayana shida. Mzee alikunja kila ukingo kwa nje na kuubana, na hakuna mtoto aliyekatwa.

Ukienda kuagiza, andika mambo matatu kwa herufi kubwa: kwamba vipimo ni vya ndani, kwamba kimo ni cha kusimama wima, na kando yake uandike mlalo wenyewe ili kijana asibahatishe. Kwa vipimo vyangu mlalo wa koni ni 15.65, na wa piramidi, kutoka katikati ya ubavu wa kitako, ni 11.2. Sema pia mdomo wa mche mstatili utiwe waya. Jaza kila chombo maji hapo hapo kibandani kabla hujalipa. Mafundi wazuri hawachukii, na wangu alinisogezea ndoo mwenyewe.

Nimeshampelekea oda nyingine, ya ndoo. Ndoo ni koni kubwa iliyokatwa ncha, na watoto wengi wakipewa swali lake huchukua wastani wa nusukipenyo cha juu na cha chini, wakaifanya silinda. Ndoo niliyoiagiza ina mdomo wa kipenyo 28, kitako cha 14 na kimo cha 15. Koni nzima ingekuwa na kimo cha 30 na ujazo wa 6,160. Ncha iliyokatwa ni 770. Inayobaki ni 5,390. Njia ya wastani inatoa 5,197.5. Tofauti ya mililita 192 na nusu inatosha kuonekana kwenye jagi hata na mtoto aliyekaa nyuma. Mzee amesema itakuwa tayari baada ya kumaliza gata za watu, na safari hii ataikata mwenyewe.